Nauli na Ahadi

Kupunguza gharama si kosa. Mtu aendaye sokoni Chwele, akapita kwa wauzaji watano kabla ya kununua debe moja la maharagwe, haitwi mwizi; husifiwa kuwa anajua thamani ya fedha. Muuzaji hutaka kupokea kingi, mnunuzi hutaka kutoa kidogo, na baina ya matakwa hayo mawili hupatikana bei. Biashara haigombi, walisema wazee. Walakini uko mpaka ambao werevu ukiuvuka hubadilika jina, ukaitwa hila. Na tuutafute mpaka huo katika jambo ambalo siku hizi huwahusu hata watu wa Kitale na Bungoma, nalo ni ununuzi wa tiketi za ndege ziendazo ng'ambo, hasa za viti vya mbele, ambavyo bei yake ni kubwa.

Hapo zamani nauli ilikuwa jambo jepesi kueleweka. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, na njia kuu ipitayo Bungoma ilipofika Kampala mwaka 1931, abiria alilipa kwa umbali wa safari yake na kwa daraja la behewa lake. Waafrika wengi walisafiri katika daraja la tatu, juu ya mabenchi magumu, na wakubwa wa serikali walilala katika daraja la kwanza. Mpango ule haukuwa wa haki kwa watu wote, lakini hesabu yake ilikuwa wazi: aendaye mbali alilipa zaidi ya aendaye karibu.

Nauli ya ndege haifuati tena hesabu hiyo. Tangu Marekani ilipotunga sheria ya mwaka 1978 ya kuyaacha mashirika ya ndege yajipangie nauli, na nchi nyingine zikafuata mmoja baada ya mwingine, bei hupimwa zaidi kwa haja ya msafiri kuliko kwa urefu wa njia. Mtu wa Bungoma hana haja ya kwenda mbali kuuona mfano wake. Siku za Krismasi nauli ya basi kutoka Nairobi kuja magharibi hupanda, na basi lirudilo Nairobi siku hizo hizo hutafuta abiria kwa bei ya chini. Barabara ni ile ile. Kilichobadilika ni haja ya watu.

Ndivyo ilivyo na ndege. Aanziaye Nairobi kwenda London hulipa zaidi kwa faida ya kutoshuka njiani. Aanziaye Entebbe anaweza kupita Nairobi, au Addis Ababa, au Dubai, au Istanbul. Naye kwa kuwa anagombewa na wengi, hubembelezwa kwa bei nafuu. Basi yumkini watu wawili wakaketi safu moja kutoka Nairobi hadi London, na yule aliyetoka mbali zaidi akawa ndiye aliyelipa kidogo.

Huenda msomaji akasema kwamba mambo haya ni ya matajiri, na kwamba atakaye kiti cha mbele na alipe gharama ya fahari yake. Hukumu hiyo ni ya haraka. Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa mwaka 2018, huchukua muda wa saa kumi na tano hivi. Mfikirie mama mzee wa Trans Nzoia, miguu yake imevimba kwa maradhi, naye ameitwa na mwanawe akamwone mjukuu. Kwake kiti kinachokunjuka kikawa kitanda si fahari. Ni tofauti kati ya kufika na kutofika. Na kiti hicho aghalabu huuzwa kwa bei mara kadhaa ya kile cha nyuma. Mwana anayetafuta njia ya kumpunguzia mama yake gharama hiyo anafanya jambo jema. Swali si kama atafute, bali atafuteje.

Njia za halali si chache. Mtu anaweza kusafiri miezi ambayo wengi hawasafiri. Anaweza kutumia maili alizokusanya katika safari zake za nyuma. Anaweza kuitikia shirika linapotangaza kwamba viti vya mbele vilivyobaki vitatolewa kwa atakayeahidi nyongeza kubwa. Tena, kwa mtu wa Bungoma iko njia ambayo jiografia yenyewe imempa. Bungoma iko karibu zaidi na Entebbe kuliko Nairobi. Na tangu mwaka 2014 Mkenya huweza kuvuka mpaka wa Malaba kwa kitambulisho chake tu, ingawa aendaye ng'ambo hawezi kuiacha pasipoti nyumbani. Akiona kwamba nauli ya Entebbe ni nafuu, akasafiri kwa gari hadi huko na kuianza safari pale pale tiketi inapotaja, amemdhulumu nani? Ameuziwa kitu, akakichukua kama kilivyouzwa.

Lakini iko njia nyingine. Mtu hununua tiketi ya safari ndefu iliyo nafuu, naye moyoni hana nia ya kuimaliza. Hushuka katikati, mahali alipokuwa akienda tangu mwanzo. Mwaka 2016 abiria mmoja alisafiri na Lufthansa kwa tiketi ya kutoka Oslo hadi Seattle na kurudi, kwa njia ya Frankfurt. Wakati wa kurudi alishuka Frankfurt, akakiacha kipande cha Oslo, akapanda ndege nyingine kwenda Berlin. Shirika likamshtaki, likidai zaidi ya euro 2,000. Mnamo Desemba 2018 mahakama moja ya Berlin iliitupa kesi hiyo, na shirika likakata rufani. Mahakama hupima maneno ya mkataba. Dhamiri hupima nia ya mtu alipokuwa akiutia mkono.

Wanaomtetea abiria wa namna hii wana hoja zenye uzito, wala si haki kuzipita kimya. Husema kwamba anunuaye mikate miwili akala mmoja hadaiwi kitu na mwokaji. Husema pia kwamba mashirika yenyewe huuza tiketi nyingi kuliko viti vilivyomo, yakitumaini kwamba baadhi ya wasafiri hawatatokea. Je, anayecheza na ahadi yake ana haki gani ya kulalamika mwenzake anapocheza na yake? Kwa kweli, muuzaji afichaye hesabu zake huwafundisha wanunuzi wake kuficha nia zao.

Hata hivyo mfano wa mikate hautoshi. Mwokaji hakupunguza bei kwa sababu uliahidi kuila yote miwili. Shirika lilipunguza nauli kwa sababu ulijitaja kuwa msafiri wa Oslo, na wewe hukuwa msafiri wa Oslo. Kilichokupatia nafuu si fedha yako bali ni neno lako, na neno hilo halikuwa la kweli. Ahadi ni deni, hata inapotolewa kwa tajiri. Na deni halifutwi kwa kuwa mdai naye ana madeni yake.

Tena hasara ya hila haikai mahali ilipotupwa. Shirika likigundua, huweza kumdai tofauti ya nauli wakala aliyeiuza tiketi. Naye huenda ni mtu mwenye chumba kimoja na meza moja mjini Kitale, ambaye hakujua lolote. Na hila ikienea, shirika litaiondoa nafuu iliyowekewa wasafiri wa mbali, na wale wasafiri wa kweli wa Oslo au wa Entebbe watalipia werevu wa watu wasiowajua. Mwenye hila mwenyewe hana usalama: mzigo wake huenda uliko andikwa, si anakoshuka, na akikiacha kipande cha kwanza cha safari, aghalabu vilivyobaki hufutwa, akasimama Nairobi na tiketi isiyo na kiti.

Basi mpaka tulioutafuta ni huu: kabla ya kulipa, jiulize kama ungeweza kumwambia muuzaji kwa sauti yote unayokusudia kufanya, na bado akakuuzia kwa bei ile. Aanziaye Entebbe kwa kweli anaweza kusema. Asafiriye mwezi usio na watu anaweza kusema. Anayekusudia kushuka katikati hulazimika kunyamaza, na kimya chake ndicho kilichomlipia nauli. Mama mzee na apate kiti chake cha mbele, na mwanawe na akitafute kwa bidii na kwa hesabu. Lakini asimketishe mama yake juu ya neno la uongo.