Tusiishie mlangoni mwa ukumbi



Ndugu Waislamu, Abu Waqid al-Laythi (r.a.) amesimulia kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alikuwa ameketi msikitini na watu, wakatokea watu watatu. Mmoja aliona nafasi kwenye duara, akaingia akakaa. Wa pili akakaa nyuma yao. Wa tatu akageuka akaenda zake. Mtume (s.a.w.) alipomaliza akaeleza kuwa wa kwanza alijisogeza kwa Allah, naye Allah akampokea, wa pili aliona haya, naye Allah akamstahi, wa tatu alipuuza, naye Allah akampuuza.

Kisa hiki nimekisomesha darasani kwa miaka. Siku moja kikanisomesha mimi. Sisemi kwamba ukumbi wa chuo kikuu ni sawa na majlisi ya Mtume (s.a.w.), hasha. Nasema adabu ya kuitafuta elimu ni moja.

Chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam kilitangaza mhadhara wa wazi, bila kiingilio, kuhusu maandishi ya kale ya Kiswahili. Nilifika nimechelewa, na kanzu yangu na kofia, nikakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Mtoa mada akatuonyesha ukutani picha ya ukurasa wa utenzi kwa herufi za Kiarabu. Mliopita madrasa mnaijua khati ile: wazee hawakutenga 'o' na 'u', dhumma ilibeba zote mbili. Neno lile lile unaweza kulisoma 'aliyeumba' au 'aliyeomba', na maana ya ubeti ndiyo inayoamua. Pale ubeti ulikuwa unamtaja Mola. Mtoa mada akasoma 'aliyeomba'.

Ndugu zangu, aliyeumba ni Mola. Aliyeomba ni mja. Moyo ulinidunda. Nikajiambia: hapa wamejaa maprofesa, mimi mwalimu wa dini wa sekondari nitaonekanaje? Muda wa maswali ukafunguliwa, ukafungwa. Kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa ameshaandika daftarini kama alivyosikia. Nikachukua viatu vyangu vya heshima nikaondoka kimya.

Mtoa mada hakuwa na nia mbaya. Alikosa mtu wa kumkumbusha, na mtu huyo alikuwapo, kiti cha mwisho. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Haya yangu ilinizuia, na leo sijui kosa lile limeshafika katika madaftari mangapi.

Tunapokaa barazani hulalamika kwamba historia yetu inaandikwa na wengine. Malalamiko hayo yana ukweli wake. Lakini Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ina hazina ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, na orodha yake iliyochapishwa mwaka 1970 ilitayarishwa na Mwingereza, J.W.T. Allen. Mgeni alijifunza khati ya wazee wetu. Sisi tuliofundishwa alifu kwa kijiti tuko wapi siku miswada hiyo inapojadiliwa?

Wapo watakaosema: "Ustadhi, huko kuna ngoma na mambo ya utamaduni." Kweli, si kila kinachofanyika huko kinatufaa. Penye haramu tuondoke, na adhana ikiita tuitike. Lakini tusihukumu tusichokijua. Suratul-Israa, aya ya 36, inatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Na Bukhari amepokea kuwa Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), naye hakuwafukuza, bali alimsitiri Bibi Aisha (r.a.) akawatazama.

Basi nawausia na kuiusia nafsi yangu. Matangazo ya mihadhara, maonyesho ya vitabu na makongamano ya Kiswahili tuyasome, na mengi hayana kiingilio. Walimu wa madrasa tuwapeleke wanafunzi wetu wakubwa. Tumbebe na mzee mmoja anayeijua khati, tumkalishe mbele. Tukijua, tuseme kwa adabu, tusipojua, tuulize. Katika Suratul-Mujaadala, aya ya 11, Allah (S.W.) ametuamrisha kupeana nafasi katika mabaraza, na papo hapo akataja daraja za waliopewa elimu. Nafasi ipo. Anayekosekana ni wa kuikalia.

Mhadhara ujao, inshaallah, nitawahi. Na nitakaa mbele.