Kipi Kitangulie Nyumbani?

Penye fedha kidogo, kila jambo jema husimama mlangoni pamoja na jambo jema jingine, na kulikaribisha moja ni kuliahirisha la pili. Mkulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, aliyekwisha kuuza kabichi zake mjini Morogoro, hurudi na fedha ya jambo moja: bati za paa, au saruji ya sakafu, au jiko lenye bomba la kutolea moshi, au taa ya nguvu ya jua. Hesabu ya bei ni nyepesi. Swali zito ni la haki: kipi kitangulie, na kwa ajili ya nani?

Jibu la kwanza hutolewa na macho ya watu. Bati hung'aa, na mpita njia aliye ng'ambo ya bonde huliona. Moshi wa jikoni hawezi kuujua. Aujuaye ni mpishi na mtoto aliye mgongoni mwake. Mwaka 1977, alipoandika juu ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilaumu mapenzi ya watu kwa bati na saruji, hali udongo wa kuchomea matofali na vigae walikuwa nao. Lawama ile ilikuwa na ukweli, walakini paa la nyasi huvuja, hudai nyasi mpya, na huweza kushika moto. Bati hukinga mvua na kukinga maji ya kunywa. Kung'aa peke yake hakukifanyi kitu kuwa cha fahari tupu.

Jibu la pili ni la mwenye huruma: jiko na litangulie, maana moshi huua. Jibu hili lapita la kwanza kwa wema, lakini lina kasoro ile ile: mume ameamua, mke amepewa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Nia ya kuhifadhi udongo ilikuwa njema, lakini jembe lilikuwa mikononi mwa watu wengine. Mwaka 1955 pakatokea ghasia huko Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Jema lililochaguliwa na mmoja likabebwa na mwingine liligeuka mzigo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi neno la kwanza ni haki ya yule aumizwaye zaidi na upungufu. Huenda mke akasema jiko. Huenda akasema bati, kwa kuwa usiku wa masika ndiye ahamishaye watoto kutoka pembe inayovuja kwenda pembe kavu. Pengine atataja jambo ambalo mumewe hakulitia katika hesabu kabisa: mlango wa choo. Hapo mume aliyekuja na hesabu yake tayari atapoteza fahari ya kuwa mtoaji, na hasara hiyo si ndogo kwa mwanamume. Lakini nyumba ambayo mmoja huipamba na mwingine huivumilia ina mwenyewe mmoja na mtumishi mmoja, hata paa lake liwe la dhahabu.