Anayeona na Anayeulizwa

Tarehe 14 Oktoba 2020, wapiganaji kutoka upande wa Msumbiji walivuka Mto Ruvuma na kukishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Jeshi la Polisi lilithibitisha tukio hilo hadharani siku kadhaa baadaye. Kabla ya hapo, aliyetaka kujua kama ndugu zake wako salama alitegemea simu za jamaa na picha zilizokuwa zikirushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Aamini lipi?

Katika pwani hii yenye Waislamu wengi, swali hilo ni la dini kabla ya kuwa la habari. Aya ya 283 ya Surat al-Baqara inakataza kuficha ushahidi. Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat inaamuru habari iliyoletwa na mtu asiyeaminika ichunguzwe, watu wasije wakadhuriwa bila ujuzi. Wakristo wa Masasi na Newala nao wanajua kwamba Torati haimhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Amri ni mbili: sema uliyoyaona, na hakiki uliyoyasikia. Uandishi wa raia umesimama juu ya amri ya kwanza. Uandishi wa kijamii hauwezi kuishi bila ya pili.

Raia ni yule aliyekuwepo. Mvuvi wa Msimbati aliyesikia mlipuko wa baruti na kuona samaki wakielea hahitaji cheti cha uandishi ili asimulie. Hana mhariri, wala hakuna atakayemuuliza kesho kuhusu alichokirusha leo. Huo ndio uhuru wake, na ndio udhaifu wake.

Redio ya kijamii, kama Jamii FM ya Mtwara au Pangani FM kule Tanga, haipewi jina hilo kwa sababu ya udogo wa mitambo yake. Inapewa kwa sababu mtangazaji wake atakutana na wasikilizaji sokoni na msikitini, nao watamdai maelezo. Wanazuoni wa Hadithi walijenga elimu nzima juu ya jambo hili: hawakutazama maneno peke yake, bali pia nani aliyapokea kwa nani, na mwenendo wa kila mpokezi ulikuwaje.

Mwaka 2013 ulionyesha gharama ya kukosa kuulizana. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na serikali ilipoamua kuipeleka Dar es Salaam kwa bomba, wananchi wengi wa Mtwara walisema gesi haitoki. Serikali ilijibu kwamba rasilimali ni ya taifa zima. Tarehe 22 Mei 2013, siku ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, ghasia zililipuka mjini Mtwara, na nyumba ya mwandishi wa TBC, shirika la utangazaji la taifa, ikachomwa moto. Mwanafalsafa Mwingereza Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007, aliita dhuluma hali ya mtu kupunguziwa imani kwa sababu tu ya kundi analotoka. Wana Mtwara walihisi hivyo mbele ya taifa. Aliyechomewa nyumba naye alihukumiwa kwa chombo alichokitumikia.

Tofauti kati ya kushuhudia na kuulizana inaonekana pia kwenye korosho. Novemba 2018, serikali iliagiza jeshi lisimamie ununuzi wake kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo yakasubiri uhakiki wa wakulima. Video ya mkulima anayelalamika inathibitisha kwamba ana shida. Haionyeshi pesa zimekwama wapi: chama cha msingi, ghala au benki. Hilo linahitaji kipindi kinachomweka katibu wa chama mbele ya wanachama wake, stakabadhi mkononi.

Lakini ujirani nao hufunga midomo. Mtangazaji ambaye mjomba wake ni mvuvi wa baruti anaweza kuona muhali kuitaja mitumbwi anayoijua. Hapo simu ya raia asiyejulikana inasema ambacho redio imekimeza. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliufanya usemi huo kuwa ghali: mwenye blogu alitakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 2 katika mwaka wa kwanza, ingawa ada ilipunguzwa baadaye.

Kwa hiyo kazi inaweza kugawanywa. Picha ya mlipuko inafika redioni. Mtangazaji anauliza ni ufukwe gani na siku gani, anatafuta shahidi wa pili asiye rafiki wa wa kwanza, na jina la mpiga picha linabaki kwake. Kisha anawaita Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, pamoja na wavuvi wenyewe, ambao wana malalamiko yao kuhusu masharti ya hifadhi. Wiki inayofuata swali linarudiwa hewani, na ofisa aliyeahidi doria anatakiwa kusema kama ilifanyika.