Kosa la Kijidudu au Kosa Letu?

Kila maradhi ya tumbo yazukapo katika miji yetu, neno moja hurudiwa barazani: "Ajali haina kinga." Neno hili tumelizungumza katika darsa yetu, na tumeona lastahili kupimwa, kwani mara nyingi hulisema watu ambao kinga walikuwa nayo mikononi mwao.

Mwaka 2015 kipindupindu kilizipiga Migori na Homa Bay, na mwaka huo huo Mombasa nayo haikusalimika. Ndugu yetu mmoja alikuwa akifanya biashara Rongo, mji mdogo wa Migori ulioko katika njia kuu itokayo Kisii. Alitusimulia kwamba alimwona mtu akichimba choo hatua chache tu kutoka kisima cha majirani. Alipomnasihi, alijibiwa: "Maji haya twayanywa miaka mingi. Kama yana ubaya, mbona jana hayakutudhuru?"

Swali hili si la kupuuzwa. Jawabu ya kwanza ni nyepesi: pengine jana hapakuwa na mgonjwa. Lakini iko jawabu ya pili iliyo ndani zaidi, nayo ni kwamba kijidudu kile kile huweza kunyamaza mahali pamoja na kudhuru mahali pengine.

Tutazame kijidudu cha kuhara damu, alichokigundua Mjapani Kiyoshi Shiga mwaka 1897. Uwezo wake wa kudhuru umo katika jeni zake, yaani maandishi ya urithi aliyoumbwa nayo kila kiumbe. Katika joto la digrii 30, iko protini inayozibana jeni hizo zisifanye kazi. Joto lifikapo digrii 37, ambalo ndilo joto la mwili wa mwanadamu, mbano ule hulegea, na kijidudu huanza kutengeneza zana za kuvamia utumbo. Maandishi ni yale yale. Kilichobadilika ni mahali.

Kijidudu cha kipindupindu nacho kina tabia hiyo. Wengi wao hufa katika ukali wa tumbo. Wanaookoka hufika utumbo mwembamba, na huko huzitambua hali za mahali hapo, wakaanza kutoa sumu inayoyavuta maji ya mwili yakatoka kwa kuhara. Mwaka 2002 wataalamu walitangaza waliyoyaona kwa wagonjwa wa Bangladesh: vijidudu vilivyotoka karibuni katika mwili wa mgonjwa huambukiza kwa wepesi zaidi kuliko vile vilivyooteshwa maabarani, na nguvu hiyo hubaki nao kwa saa kadhaa hata wakiwa majini.

Basi na tufikiri. Choo kikiwa karibu na kisima, tumekifupishia kijidudu safari yake, kikamfikia jirani kingali na ukali wake. Tabia ya kijidudu hatukuiumba sisi, wala hatuwezi kuifuta. Lakini masafa baina ya choo na kisima yamo katika mkono wa mwenye jembe.

Huenda mtu akatuuliza: ikiwa kijidudu hufuata mahali kilipo, je, mwanadamu naye si mtumwa wa mazingira yake? Twajibu kuwa kijidudu hakina akili, hakionywi kikasikia. Yule mchimbaji alionywa, akaelewa, kisha akachagua. Mazingira humpa mtu mwelekeo, lakini hayampokonyi hiari. Na mwenye hiari ndiye aulizwaye. Ama kadari, Sayyidna Umar aliporejea njiani asiingie Sham yenye tauni, aliulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu, naye akabainisha kuwa kurejea kwake pia kumo katika kadari hiyo hiyo.

Tusidhani kuwa tunawasema watu wa Rongo peke yao. Hapa pwani ziko nyumba ambazo kisima na shimo la choo vimo katika ua mmoja, na mwenye nyumba hupokea kodi kila mwezi bila kuona haya. Miongozo mingi ya afya yataka walau mita 30 baina ya viwili hivyo. Ua wetu ukiwa mdogo, basi maji ya kisima yasinywewe mpaka yachemshwe au yatiwe dawa, na mpangaji aambiwe wazi, asifichwe. Kumficha ni khiana.

Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hatari ya shimo hili ni kwamba aingiaye kwanza huwa ni mtoto wa jirani, ambaye hakushika jembe wala hakuulizwa shauri. Mtoto huyo akifa, tusisimame katika tanga lake tukasema ajali haina kinga. Kinga ilikuwako, sisi ndio tuliofanya uvivu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuafikisha.