Bustani Nje ya Florence



Mwaka 1348 tauni iliingia Florence, Italia, ikapita nyumba kwa nyumba. Giovanni Boccaccio anakifungua kitabu chake, Decameron, katikati ya msiba huo. Wanawake saba na wanaume watatu, vijana wote, wanakutana katika kanisa la Santa Maria Novella na kukubaliana kuondoka mjini. Kituo chao cha kwanza ni mwendo wa maili mbili tu. Baadaye wanahamia penye bustani yenye ukuta, chemchemi ya marumaru nyeupe na kivuli tele. Wanakaa majanini wakisimuliana hadithi kumi kwa siku, hadi zinatimia mia. (Nyingi hazifai mimbarani, na mapadri wanachekwa humo bila huruma. Nimewaonya.)

Ijumaa hawasimulii, kwa kukumbuka mateso ya Kristo. Jumamosi wanaosha vichwa na kupumzika. Hapo nawapenda.

Ila kuna amri inayonikera kila nikiisoma. Pampinea, mkubwa wa wale wanawake, anawaagiza watumishi wasiwaletee habari yoyote ya nje isipokuwa ya kufurahisha. Maili mbili tu, na kule watu wanazikwa kwa mafungu! Lakini nani wa kuwacheka? Nasi tukienda mafungo tunazima simu, tunaimba mpaka usiku wa manane, na huko nyumbani tumemwacha mtu hoi kitandani.

Petro naye, Bwana alipogeuka sura mlimani, alitaka kujenga vibanda vitatu. Pazuri kama pale, nani angetaka kuondoka? Walipoteremka wakamkuta baba mwenye mtoto aangukaye kifafa, na wanafunzi waliobaki chini wameshindwa kumponya. Bwana akasema aletwe.

Wale kumi wa Florence nao walirudi, baada ya wiki mbili hivi. Boccaccio hasemi kwamba walikwenda kuuguza wagonjwa. Walichelea kusengenywa wakizidi kukaa. Waliagana palepale Santa Maria Novella. Wanawake wakashika njia za makwao, wanaume wakaenda kutafuta starehe nyingine.

Mafungo yetu yatafungwa Jumapili mchana. Basi likikushusha, kabla hujafika kwako, pitia kwanza kwa yule mgonjwa uliyemwacha.