Je, Kupona ni Kubaki Hai tu?



Mtoto akitoka hospitali baada ya homa ya uti wa mgongo, sisi hupiga vigelegele na kusema, "Mungu amemponya." Ni haki kushukuru, maana ugonjwa huu waweza kuua ndani ya saa 24. Mwaka 2021 kule Banalia, jimbo la Tshopo nchini Kongo, zaidi ya watu 2,000 walishukiwa kuugua, na zaidi ya 200 walikufa.

Lakini baada ya vigelegele, je? Bakteria hushambulia utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu watano waliopona, mmoja hivi hubaki na madhara ya muda mrefu: uziwi, kifafa, udhaifu wa viungo, macho mabovu au kusahau. Mengine hatuyaoni upesi. Mtoto anaitwa, haitiki. Tunasema ni mkaidi, tunamchapa, kumbe hasikii. Mwingine anaanguka kifafa, tunanong'ona kwamba wazazi wake hawana imani. Hapo tunamtesa yule ambaye Mungu amemhifadhi.

Tumkumbuke Mefiboshethi (2 Samweli 4 na 9). Alikuwa na miaka mitano yaya wake alipokimbia naye kwa sababu ya vita. Akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Alikimbia kama sisi tulivyokimbia. Miaka ikapita, mfalme Daudi akamwita. Hakumponya miguu. Alimrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake siku zote. Alibaki kilema, lakini alikula pamoja na wana wa mfalme.

Sisi hatuna mashamba ya kugawa. Ila tunaweza kuhakikisha mtoto anapimwa masikio kabla ya kutoka hospitali, au ndani ya wiki nne. Mwenye kifafa tumsaidie asikatize dawa. Shuleni na kanisani, asiyesikia vizuri aketi mbele. Siku ya mgao, jirani amguse bega jina lake linapoitwa. Na mama anayemwuguza tumchotee maji, apate kupumzika.

Mara nyingi tunamwuliza Mungu kwa nini hakumaliza uponyaji wake. Labda sehemu iliyobaki ameiweka mikononi mwetu.

Mungu awabariki. Amina.