Mkatekumeni na Jirani Asiyeamini

Yuko mkatekumeni ambaye, tangu siku aliyovikwa medali shingoni, hapiti tena uani kwa baba yake mkubwa. Akiulizwa sababu, hujibu: «Yule ni mshenzi, angali anatambikia mizimu.» Naye mzee, akiletewa neno hilo, husema kwamba dini ya misioni ni dini ya kuwatenga watoto na wazee wao. Nani amemfundisha hivyo? Si Padri wala katekista, bali mwenendo wa kijana yule anayedhani kwamba anailinda imani.

Na atazame jinsi Bwana Yesu alivyofanya penye kisima cha Yakobo. Wayahudi hawakupenda kushirikiana na Wasamaria, na mwanamke aliyekuja kuteka maji hakuwa na maisha yaliyonyoka. Yesu hakuanza kwa kumhesabia waume wake watano. Jambo hilo alilitaja baadaye, tena bila kumtukana. Alianza kwa kuomba maji. Yeye ambaye mito na maziwa yote ni yake aliketi saa sita ya mchana, amechoka na safari, akamwomba mgeni wa dini kitu kile alichokuwa nacho. Mwanamke akaona kwamba anaheshimiwa, akaanza kuuliza, na mwishowe akauacha mtungi wake, akaenda kuwaita watu wa mji. Wako wakatekumeni wanaotaka kuwapa wapagani kila kitu, lakini hawakubali kupokea kwao hata kikombe cha maji.

Katika nchi za ziwa la Tanganyika linakumbukwa jina la Adrian Atiman. Aliibwa akali mtoto huko Afrika ya magharibi, akauzwa utumwani, kisha Mapadri Weupe wakamkomboa. Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kujifunza udaktari, kwa maana alitaka makatekista wenye kuponya, watakaooa na kukaa kati ya watu kama majirani. Mwaka 1889 Atiman akafika Karema, ng'ambo ya mashariki, kuelekea Mpala ya Kongo. Aliwatibu Wakristu na wasio Wakristu mpaka alipofariki mwaka 1956. Vidonda vilivyooshwa kwa miaka zaidi ya sitini vilifungua milango mingi ambayo maneno matupu yasingeifungua.

Jambo linalowasumbua wengi ni matanga. Jirani mpagani amekufa: je, mkatekumeni aende? Aende. Achimbe kaburi pamoja na wengine, apasue kuni, akeshe na wafiwa. Pombe ya mizimu inapomwagwa, ajitenge kwa utulivu, bila kucheka wala kutema mate. Akiulizwa, ajibu kwa maneno machache kwamba ameahidi kumwabudu Mungu mmoja, na kwamba anamwombea marehemu.

Lakini upole si woga. Mfumu akiitwa kumtaja aliyeroga, na kidole kikaelekezwa kwa kikongwe mjane asiye na mtetezi, hapo mkatekumeni asinyamaze. Aseme wazi kwamba mama huyu hana hatia, amlete nyumbani mwake, na kumwita chifu na katekista usiku huohuo. Huenda ndugu zake wakamkasirikia kwa miezi mingi. Hata hivyo wapagani wote wa kijiji watakuwa wameona Mungu wa Wakristu anasimama upande gani.

Kumlazimisha mtu ni jambo jingine. Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba Kanisa linakataza kabisa kumlazimisha mtu kuiamini Injili, au kumvuta kwa hila. Basi anayemwahidi jirani nguo, au nafasi ya shule kwa mtoto wake, ili aje kwenye mafundisho, anafanya biashara.

Zamani Lavigerie aliagiza kwamba mtu angojewe miaka minne kabla ya kubatizwa, ajaribiwe na kufundishwa polepole. Mkatekumeni mwenyewe anangojewa, na makosa yake yanavumiliwa. Basi asimtake mzee aliyezeeka katika desturi za babu zake aamue jioni moja. Mzee akisema hapana, mzigo wa kuni aliomletea ubaki mlangoni pake, na juma lijalo amletee mwingine.